Mgonjwa wa Chumbi

Maparoni,
Jumatano, 5 Februari 2025

Wifi yangu Nasra,

Assalaam alaykum. Kaa chini kwanza, maana habari hii haisomwi kwa kusimama. Siku imepangwa! Ijumaa ya tarehe 21, baada ya swala, kabla Ramadhani haijatuwahi. Wazee wa Umwe walikuja jana, wakala, wakashiba, wakakubali kila kitu. Mchumba wangu Zaidi mwenyewe hakuja, lakini nasikia huko kwao hashikiki, anacheka hata na kuku. Na mie hapa ndo usiseme, leo nimefua mashuka ambayo ni safi kwa kukosa pa kuiweka furaha yangu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu zimegeuka tochi tangu mnara uzimike. Ukasha wa boti ataifikisha Nyamisati, na dereva wa basi atakuletea hapo kituoni kwako Kibiti. Nijibu kwa njia hiyohiyo. Mwambie kaka Badru aje na viatu vyangu, vile vyeupe, asije akaleta vya kijani kama Idi ile. Wewe najua mimba yako imekua na boti hupandi tena. Nimeshalia kwa hilo, sasa nimenyamaza.

Kuna jambo dogo, wifi. Baba ana jipu. Alikuwa anashusha boriti za mikoko, kibanzi kikamchoma, na sasa pamevimba pamekuwa pagumu. Ni mguuni, karibu na goti. Mama amepaka dawa ya meno, wapi! Tukaponda kitunguu saumu tukabandika, Baba akapiga ukelele mbuzi wakakata kamba. Sasa jirani yetu Mzee Abdala kaleta vile vidonge vya rangi mbili, anasema havimezwi, vinafunguliwa na unga wake unanyunyiziwa juu.

Wewe ndiye muuguzi wa ukoo huu, tufanyeje? Maana Baba ndiye walii wangu, yeye ndiye wa kukaa mkekani na kuniozesha, na ameapa kwamba hampi mtu mwingine kazi hiyo. Kasema, "Binti yangu aolewe kwa mdomo wa mwenzangu, kwani mimi nimekufa?" Na unakumbuka mwaka jana mafuriko yalivyotuahirishia harusi. Tukiahirisha mara ya pili watu watasema nina nuksi, na wa Umwe wataanza kumtafutia mtoto wao mke mwingine.

Usiniulize maswali mengi juu ya jipu lenyewe, tafadhali.

Wako,
Mashavu

*

Kibiti,
Ijumaa, 7 Februari 2025

Wifi yangu, bi harusi wangu,

Wa alaykum salaam. Nimeisoma barua yako nikiwa zamu, nikapiga kigelegele katikati ya foleni ya wagonjwa. Mama mmoja akaniuliza kama uchungu umenishika. Nikamwambia uchungu bado, ni wifi yangu anaolewa! Wote wakashangilia, hata mwenye jino. Badru kaambiwa viatu vyeupe, na nimemwonesha kwa kidole ili asinitie aibu.

Sasa tuje kwa Baba. Kwanza mpeni shikamoo yangu. Pili, mwambie Mama atupe hiyo dawa ya meno na hicho kitunguu. Dawa ya meno ni ya meno! Kitunguu kinaunguza ngozi, na ngozi ikiungua ndiyo mlango wa uchafu mwingine. Na vidonge vya Mzee Abdala mrudishieni mwenyewe kwa adabu. Unga ule ukinyunyizwa kwenye kidonda unaganda juu kama ukoko wa wali, usaha unabaki chini unafanya kazi yake. Halafu nani anajua vimekaa mfukoni mwake tangu lini.

Fanyeni hivi. Chemsheni maji na chumvi kidogo, yapoe mpaka mkono uvumilie. Chovyeni kitambaa safi, kamueni, wekeni juu ya jipu mpaka joto liishe, mrudie tena na tena. Asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Anayehudumia anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Vitambaa vichemshwe, vianikwe juani. Taulo la Baba liwe la Baba peke yake. Na msilikamue! Hata likionesha kichwa cheupe kinachowaita, msilikamue. Likipasuka lenyewe, osheni, funikeni kwa kitambaa safi.

Na kubwa kuliko yote, kwa kuwa ni gotini, apumzike. Akae kitako kwenye kiti, mguu juu ya kigoda, tangu asubuhi mpaka jioni. Ninavyomjua atataka kwenda shamba. Mkazanieni akae.

Mpenzi wako mwenye tumbo kubwa,
Nasra

*

Maparoni,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Wifi,

Lo! Maagizo yako yametuletea balaa.

Baba alisomewa barua akasema, "Mkwe wangu kasoma, lazima nimtii." Akakaa kwenye kile kiti cha mbao, mguu juu ya kigoda. Alikaa anatoka jasho, meno kayauma, Mama anamwambia inuka, yeye anasema, "Muuguzi kasema kitako." Kufika adhuhuri alikuwa analia machozi ya kweli. Mie sijawahi kumwona Baba analia, hata siku mafuriko yalipochukua mpunga wote.

Sasa jipu limekuwa kubwa mara mbili. Kitambaa cha moto tunafanya, Mama ndiye anayefanya, mlango umefungwa, mie siingii. Lakini kukaa amegoma. Anakula ubwabwa kasimama, sahani kaiweka juu ya pipa. Anakunywa chai kasimama kama askari wa getini. Usiku analala kifudifudi. Akiswali, kikao cha mwisho anakifanya kwa kuinama tu, anaomba radhi kwa Mola. Jana watu wa Umwe wamemtuma Mussa, mjomba wake Zaidi, kuja kupanga mambo ya mkeka. Baba kampokea kasimama, Mussa naye akaona haya kukaa, wakaongea wote wawili wima saa nzima katikati ya uwanja. Mussa kaondoka anauliza kama tumemkasirikia.

Leo asubuhi Baba amesema ninachokiogopa. Kasema, "Mwanangu, kwenye mkeka wa ndoa hakuna walii anayesimama. Waambie wa Umwe tusogeze mbele mpaka baada ya Idi." Nimemwambia ampe Ba'mdogo uwakala. Kanitazama, nikatamani ardhi inimeze.

Zahanati ipo hapa karibu, unaijua, na Sista Elinipendo ni mpole. Lakini Baba anasema mtoto wa kike wa umri wangu hawezi kumwangalia yeye. Nimemwambia ni goti tu, Baba. Akageuka akaenda kuwatazama mbuzi.

Wifi, nisaidie. Nguo ya harusi inaning'inia ukutani, nashindwa kuitazama.

Mashavu

*

Kibiti,
Jumatano, 12 Februari 2025

Mashavu! Karatasi hii isome peke yako, tena jifungie.

Mwenye jipu la goti halali kifudifudi, wifi! Hali ubwabwa kasimama! Jipu la Baba liko pale anapokalia, na mimi, muuguzi mzima mwenye cheti ukutani, nimemwamuru alikalie kutwa nzima! Nimecheka mpaka mtoto kapiga teke, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Masikini Baba. Masikini utii wake.

Nina hasira na wewe kidogo, na hata hasira yenyewe haikai. Najua ni kwa nini umenificha. Mimi ni mkwe. Baba huyu akinikuta uani amevaa msuli tu hujifanya hajaniona, na mimi hujifanya nahesabu kuku. Ningejuaje habari za makalio yake, na yeye akijua kwamba najua, tutaonana vipi tena? Heri nijifungulie kwenye boti la Ukasha.

Basi nimetafuta njia. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya pili. Hiyo isome kwa sauti, Baba awepo. Usicheke! Ukicheka umeniua. Na akiuliza lolote, niandikie maneno yake vilevile alivyoyasema.

Nasra

*

Kibiti,
Jumatano, 12 Februari 2025

Kwa Baba, Mama, Mashavu na wote wa nyumbani,

Shikamooni. Sisi wazima, kazi ndiyo nyingi. Nimesikitika kusikia goti la Baba bado. Endeleeni na kitambaa cha moto, na kukaa sasa basi, lile shauri nililolitoa lilikuwa baya, naomba radhi.

Niwape habari ya huku. Tumempata mgonjwa mmoja, mzee wa Chumbi, mtu mwenye heshima zake, mkulima wa mpunga. Mzee huyu alitokwa na jipu, Baba nisamehe kwa lugha, makalioni. Akaona haya. Akawaambia watoto wake liko mguuni. Watoto wakamshauri kama mtu mwenye jipu la mguu, basi akazidi kuumia bure.

Alipotueleza ukweli tulimwambia hivi. Alale kifudifudi au ubavu, asikalie kitu kigumu. Kitambaa cha moto ni kilekile, ila pia beseni la mkewe la kufulia alijaze maji ya vuguvugu yenye chumvi, aketi ndani ya maji, maji yenyewe yanambeba. Avae msuli au kitu kipana, si suruali ya kubana. Na akisikia homa, au wekundu ukianza kutambaa, aje mbio.

Mzee wa Chumbi alikataa kuangaliwa na muuguzi kwa sababu ni msichana. Yule muuguzi akamwambia, "Mzee wangu, mimi naangalia jipu, mwenye jipu simwoni." Akakubali. Kwa kweli sisi wauguzi tunasahau siku hiyohiyo. Mimi mzee huyo hata nikipishana naye sokoni simjui.

Basi ndizo habari za huku.

Mwanenu,
Nasra

*

Maparoni,
Ijumaa, 14 Februari 2025

Wifi Nasra, wewe ni shetani, tena wa baharini!

Nimeisoma kama ulivyosema, sauti imenyooka, nimejifinya paja mpaka pamepata rangi. Baba alisimama kaegemea nguzo, uso kaupeleka kwenye mikoko. Nilipofika pale pa "makalioni" Mama alijifunika khanga mdomo akaingia ndani, nikasikia sufuria limeanguka. Baba hakugeuka. Nilipomaliza akaendelea kuitazama mikoko, mpaka nikaona hapa nimefukuzwa nyumbani.

Halafu kasema, "Nisomee tena pale pa mzee wa Chumbi."

Nikasoma. Kasema, "Masikini. Mtu mzima namna ile." Kisha akamwita Mama, akamwambia amtafutie beseni kubwa, ati anataka kulowekea nyavu. Beseni likaingia chumbani na maji ya moto na chumvi, wifi, na nyavu zote zimebaki nje!

Jioni kala kaegemea ubavu, kama sultani. Nikajua tumeshinda. Nikaitoa nguo ukutani nikaijaribu.

Lakini leo asubuhi kaniita, tena kwa sauti ya chini, kasema niandike maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema. "Muulize mkwe wangu, yule mzee wa Chumbi, je, usiku alitetemeka baridi mpaka mkewe akamfunika blanketi mbili? Na wekundu wake, je, ulishuka mpaka nyuma ya paja? Na kama ni hivyo, alipona?"

Wifi, kabla ya hapo alikuwa anatania. Sasa hatanii. Ukasha anaondoka, ananiita.

Mashavu

*

Kibiti,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Mashavu, msomee Baba sasa hivi, usingoje wengine waje:

Baba, shikamoo. Mzee wa Chumbi alitetemeka hivyohivyo. Wekundu ulishuka hivyohivyo. Hapo maji ya chumvi yamefika mwisho wa kazi yake, na beseni pia, na hata mimi. Ilikuwa sumu imeanza kutembea. Alikwenda zahanati mchana uleule, hakulala nyumbani, na ndiyo maana alipona. Angengoja kesho ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Alikuwa na binti wa kuozesha, Baba. Alisema hawezi kumwacha binti yake aende mkekani bila yeye.

Mashavu, usibishane, usimbembeleze. Chukua mkono wake mwende. Mwambie Sista Elinipendo asisahau kupima sukari. Ukasha nimempa neno asubiri jibu, hata kama maji yanakupwa.

Nasra

*

Maparoni,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Wifi yangu kipenzi,

Alhamdulillahi! Nianze na hilo, halafu nipumue. Ukasha alingoja jibu mpaka akachoka, maana tulikuwa zahanati.

Nilipomaliza kusoma, Baba akaingia ndani, akatoka na kanzu ya Ijumaa, kofia, na fimbo. Ati anakwenda kumjulia hali Sista. Nikamfuata kwa nyuma, Mama nyuma yangu, na mbuzi nyuma ya Mama. Watu wanamwamkia njiani, anajibu bila kusimama, anatembea amepanua miguu, kanzu imefunika kila kitu.

Kufika zahanati, Sista Elinipendo anauliza, "Mzee, shida ni nini?" Baba kasema, kwa sauti ya mahakamani, "Nina ugonjwa kama wa yule mzee wa Chumbi." Sista akaangalia nje ya mlango. "Huyo mzee yuko wapi? Mmemwacha botini?" Nikamwita Sista pembeni nikamweleza yote. Yule mwanamke wa Upareni ana moyo, wifi. Hakucheka hata kidogo. Akarudi akasema, "Aa, wa Chumbi! Namfahamu. Pita ndani, Mzee." Akapachika shuka dirishani, maana dirisha linatazama bandari.

Alimchoma ganzi, akalipasua, akalisafisha. Kibanzi cha mkoko kilikuwa bado kimo ndani, wifi! Kirefu kama njiti ya kiberiti. Zile dawa za meno zote tulikuwa tunakipaka kibanzi! Sista kasema kingekaa humo angepoteza zaidi ya harusi. Kapewa sindano, na vidonge vya kumeza mpaka viishe, hata akijisikia mzima. Sukari yake iko sawa. Alilazwa pale, na jana homa imemwachia. Leo nimemkuta anamuuliza Sista kama huko kwao Same nako kuna jipu.

Sasa swali ni moja. Ijumaa ndiyo hiyo. Sista kasema ataweza kukaa kidogo, kwa ubavu, kwenye mto, kama kidonda kitaendelea hivi. Baba kasema mto hautaki, ati nani amewahi kuona walii amekalia mto kama bi harusi. Wa Umwe bado hawajaambiwa lolote la kuahirisha. Nimekaa nalo moyoni. Sijui nikubali kufurahi au nisubiri.

Mashavu

*

Kibiti,
Jumatano, 19 Februari 2025

Furahi, mwali! Furahi sasa hivi, ruhusa nimekupa mimi!

Kidonda kifungwe kitambaa kipya asubuhi ya ndoa. Mto ukunjwe ndani ya mkeka, mkeka juu, nani ataona? Badru anaondoka kesho na viatu vyeupe. Mimi nitapiga vigelegele huku peke yangu saa ya swala, majirani wajue wenyewe.

Halafu uniandikie alikaa au hakukaa. Sitalala mpaka nijue.

Nasra

*

Maparoni,
Jumatano, 26 Februari 2025

Kwa mkwe wangu, mwanangu Nasra,

Baada ya salamu. Mashavu yuko Umwe kwa mumewe na hana nafasi ya kukuandikia, kwa hiyo nakuandikia mwenyewe. Mwandiko wangu ni wa madrasa, vumilia.

Nilikaa. Shehe alirefusha hotuba kama anayelipwa kwa neno, nami nikakaa. Nikamshika mkono Zaidi, nikamtamkia binti yangu kwa mdomo wangu, akakubali kwa sauti hata watu wa kwenye mikoko wakasikia. Mto haukuwepo. Mama yenu aliuweka, mimi nikautoa. Nilikaa juu ya ubavu wa kulia na jasho likanitoka, watu wakadhani nalia kwa ajili ya binti. Nilikuwa nalia pia.

Kidonda kinafunga vizuri. Sista anakibadilisha kitambaa, na vidonge nimevimeza vyote.

Sasa nina neno. Juzi jirani yangu Abdala alikuja kunisalimia, nikamkaribisha kiti akakataa. Nikampa chai, akainywa kasimama. Nikamwangalia. Nikamuuliza kuna nini, akasema goti linamsumbua. Kwenye mfuko wa shati vile vidonge vya rangi mbili vilikuwa vinaonekana.

Nikataka kumpa habari za mzee wa Chumbi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikaona, mzee wa watu wa Chumbi kafanya kazi ya kutosha, na Abdala si mkwe wangu. Nikamwambia, "Abdala, mimi lilinitoka makalioni. Nikaficha, nusura nife, nusura niharibu harusi ya mwanangu. Twende zahanati, nitakushika mkono." Alinitazama kama mwenye wazimu. Kisha akacheka, kisha akalia, na tukaenda. Sista alipotuona kasema, "Huyu naye wa Chumbi?" Nikasema, "Hapana, Sista, huyu wa Maparoni, kama mimi."

Najua kwamba ulijua. Nilijua siku ileile niliposomewa barua yako. Mzee gani wa Chumbi naye angewaambia watoto wake liko mguuni, siku zilezile nilizosema mimi? Ulinisitiri, mwanangu, na mtu akikusitiri hivyo huwezi kujifanya hukuona. Siku utakayokuja na mjukuu wangu, usihesabu kuku uani. Njoo moja kwa moja unisalimie.

Nimempa Badru kapu la kamba wakavu. Nusu ni yako. Nusu ya pili ni ya mgonjwa wako, na kama humwoni sokoni, kula zote, kwa sababu ameshasema ameshiba.

Wako baba mkwe,
Gharibu,
mzee wa Chumbi